Mwaka Tuliogombana kwa Kiingereza

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona Kabula wodini. Kiharusi kilikuwa kimempiga upande wa kulia, na mdogo wake wa kiume alikuwa amenionya kwenye simu nisitegemee mazungumzo. Nilimkuta ameketi kitandani, ameegemezwa mito, nywele zake nyeupe zimesukwa vizuri, na macho ni yale yale ya kuchunguza. Nikamwambia, "Shikamoo, dada." Midomo yake ikahangaika kidogo, kisha akanijibu kwa Kisukuma, maneno mengi, yenye mwanzo na mwisho wake, ambayo mimi Mjita niliambulia mawili matatu tu. Daktari wa zamu, kijana mpole, alinieleza kwamba mambo hayo hutokea: mgonjwa huamka na lugha ya mama yake peke yake, nyingine zikawa zimefungiwa mahali. Kiswahili kilikuwa kinarudi kwa shida, akasema. Kiingereza hakikuwa kimerudi kabisa. Nilitoka nje nikaketi kwenye benchi la saruji chini ya ukuta, nikajikuta nalia, na sikuwa nalilia ugonjwa tu. Kile Kiingereza kilichopotea nilikijua neno kwa neno. Nilikuwepo kikiingia. Sehemu yake kubwa tulirushiana usoni.

Mwaka ninaousema ulikuwa katika ile miaka ya tisini ambapo kila kitu kilifunguliwa mlango kwa mpigo. Ufukweni kwetu Mwanza viwanda vya minofu ya sangara viliota kimoja baada ya kingine, na watu ambao jana yake waliuza nyanya waliamka wakiwa na viatu vya mpira na kofia za nailoni, wakikata samaki kwa ajili ya Ulaya. Kabula na mimi tulifanya kazi katika maabara ya kiwanda kimojawapo. Tulipima maji, barafu na minofu kutafuta vijidudu, na Kabula ndiye aliyeongoza meza yetu. Alikuwa amenizidi miaka kumi. Yeye ndiye aliyenisemea kwa meneja nikapata kazi, na yeye ndiye aliyenikaribisha chumbani kwake Mabatini nilipokuwa sijui pa kulala. Chumba chenyewe kilikuwa kimeegemea mlima wa mawe. Ukuta wa nyuma haukuwa ukuta, ulikuwa mwamba wenyewe uliopakwa chokaa, na wakati wa mvua ulitoa jasho kama mtu mwenye homa. Kulikuwa na kitanda chake, godoro langu, pazia la kanga katikati, na jiko la mkaa mlangoni. Upande wa pili wa ukuta mwembamba wa tofali waliishi Mama Zawadi, muuza vitumbua, na mume wake. Tulisikia wakikohoa, nao walisikia tukikohoa.

Siku nyingi tulikula mapanki. Asiyeishi Mwanza miaka ile huenda asijue: ni mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishakatwa, mirefu kama ubao, ina nyama nyama kidogo karibu na kichwa. Ulaya ilikula samaki, sisi tukala kilichokuwa kimemshikilia. Kabula aliyakaanga hadi mifupa midogo ikawa inatafunika, akayamwagia kitunguu na nyanya, na nyama ya shingoni aliisukuma upande wangu wa sahani bila kusema kitu.

Siku ofisi ya uvuvi ilipotuita, tulidhani tumekosea taarifa fulani ya vipimo. Ofisa aliyetupokea, mzee mmoja mnene wa heshima, alituketisha na kutuambia kwamba shirika la nchi moja ya kaskazini mwa Ulaya lilikuwa linatafuta mtu wa kusomea vijidudu vya vyakula, miaka miwili, kila kitu juu yao. Majina yaliyopita kutoka Mwanza yalikuwa mawili: Kabula na Nyangeta. Nyangeta ni mimi.

"Nafasi ngapi, mzee?" Kabula aliuliza.

"Moja. Mtafanya mtihani wa Kiingereza, ule wa kimataifa. Anayefikisha alama wanazotaka ndiye anakwenda. Mkifikisha wote, anachukuliwa mwenye nyingi."

"Na umri?"

Mzee alishusha miwani. "Umri wa mwisho wanaoutaka ni huo ulio nao wewe, mama. Mwakani utakuwa umepitwa."

Tulitoka tukashuka mpaka sokoni. Kabula alinunua chungwa, akalikata, akanipa nusu. Mumewe alikuwa ameshamwacha, na watoto wake wawili walikuwa Magu kwa mama yake. Mshahara wake wote ulielekea huko. "Tutasoma pamoja," alisema. "Mmoja wetu akienda, tumekwenda wote." Nikasema ndiyo, dada. Tulitembea hivyo tukinyonya chungwa letu, na nadhani kila mmoja alijua kwamba maneno yale yalikuwa mazuri kuliko ukweli wake.

Mwalimu tuliyempata alikaa Mirongo, katika nyumba ndogo yenye uwanja uliojaa kuku. Aliitwa Mwalimu Tekla. Alikuwa Mhaya, mrefu, mkavu, na alikuwa amefundisha Kiingereza sekondari ya wasichana mpaka alipostaafu. Hakutaka kitu kutoka kwetu isipokuwa samaki safi mara moja moja, na ubishi. Jioni ya kwanza tulivua viatu kizingitini, tukapiga goti kidogo, "Shikamoo, Mwalimu." Alitutazama akasema, "Marahaba. Sasa hizo shikamoo ziacheni hapo kwenye viatu. Mtazikuta mkitoka." Humo sebuleni, alisema, hakukuwa na dada, wala mdogo wangu, wala samahani mama. Mtahini atakuwa mgeni asiyejua nani kamzaa nani. Atakuuliza unafikiri nini na kwa nini unafikiri hivyo, na ukianza kuinamisha kichwa atadhani huna kitu kichwani.

"Kiingereza chenu ni cha maabara," alituambia alipokwisha kutusikiliza. "Mnajua kutaja vitu. Chupa, barafu, samaki. Kitu unaweza kukinyooshea kidole. Lakini hii 'although' nitainyooshea kidole wapi? Hii 'assume' inakaa kabati gani?" Maneno ya namna hiyo, ambayo hayashikiki wala hayanusiki, ndiyo yaliyojaa kwenye mtihani, na kwake kulikuwa na njia moja tu ya kuyapata. Neno la aina hiyo hulijui, alisema, mpaka umeshinda nalo ugomvi. Kwa hiyo tulibishana. Alitupa maneno machache kila jioni, akatupa jambo, akamweka mmoja huku na mwingine kule. Magugu maji yaliyokuwa yanafunika ziwa yamwagiwe dawa au yang'olewe kwa mikono? Kiwanda kina haki ya kuuza mapanki au kiwape watu bure? Hukuruhusiwa kuketi mpaka umetumia kila neno, na umelitumia kwa kumpiga nalo mwenzako.

Mara ya kwanza kumwambia Kabula kwamba amekosea, nilisubiri radi. Kwa Kiswahili nisingeweza. Ningezunguka, "dada, mimi naona labda," ningecheka kidogo, ningetazama chini. Kwa Kiingereza nilisema tu, "Kabula, you are wrong," na jina lake likatoka tupu kama lilivyo, na paa halikuanguka. Alishtuka naye. Kisha alinijibu, na nikaona jicho lake likiwaka. Alikuwa mzuri kuliko mimi katika kujenga hoja, polepole, tofali juu ya tofali. Kilichomtesa ni ulimi. Yeye ni Msukuma wa ndani, na herufi ile inayotetemeka, r, ilimkimbia. Kulikuwa na neno 'correlation', neno la mambo mawili yanayopanda na kushuka pamoja, ambalo tulilihitaji kazini na kwenye mtihani, na Kabula kila akilishika lilimgeukia mkononi. Mwalimu Tekla alimfanya alirudie huku akinyonyoa kuku, manyoya yakiruka, mpaka tukacheka sote watatu tukashindwa kuendelea. Nakumbuka kicheko kile kwa sababu baada yake havikuwa vingi.

Mabadiliko yalikuja kidogo kidogo. Kwanza tuliacha kuulizana maneno nyumbani. Nikipata neno zuri kwenye gazeti la kigeni lililofungiwa samaki, nililinyamazia. Kabula alianza kuamka kabla ya adhana, na nyuma ya pazia la kanga nilimsikia akinong'ona kama mtu anayesali, nami nililala macho nikijaribu kusikia neno gani. Kisha Ulaya ikafunga milango kwa minofu yetu. Ugonjwa wa kuhara ulikuwa umeenea katika nchi zetu na wanunuzi wakasema hawataki samaki wa ziwa lile. Ndani ya wiki chache mashine zilinyamaza upande mmoja wa kiwanda, kisha upande wa pili. Wanawake waliokuwa wakikata minofu walipanga foleni getini, wakaambiwa warudi kesho, na kesho yake wakaambiwa wasirudi. Sisi wa maabara tuliachwa wa mwisho, tukikaa mbele ya meza safi zisizo na kitu cha kupima. Meneja alipita akasema atatuita hali ikiwa nzuri. Tulivua makoti meupe tukayatundika. Sasa ile nafasi moja haikuwa tena bahati juu ya kazi. Ilikuwa ndiyo kazi pekee iliyobaki.

Ilikuwa Jumapili mchana, tumetoka kanisani. Kabula alikuwa mlangoni anakaanga mapanki, mimi nimejikunja kwenye godoro nasoma. Aliniambia niende bombani nikachote maji. Nilimjibu bila kuinua kichwa, na sijui kwa nini jibu lilikuja kwa Kiingereza, kwamba zamu ya maji ilikuwa yake. Akaweka mwiko chini taratibu. Alipofungua mdomo naye alifungua kwa Kiingereza.

"You assume," alisema, "you assume I am your servant."

Nilimwambia hiyo ni tafsiri yake, mimi sikusema kwamba yeye ni mtumishi wangu. Akasema matendo ni ushahidi, na ushahidi anao. Tulikuwa bado kama watu wanaofanya mazoezi, sauti zetu ni zile za sebuleni kwa Mwalimu Tekla, halafu ghafla hatukuwa tena. Alisema, na hakukwama hata mara moja, kwamba mimi nina miaka mbele yangu kama mtu mwenye shamba asilolilima, na yeye ana mwaka huu mmoja basi. Alinipa kazi, akanipa pa kulala, akanilisha, na sasa nimeamua kumchukulia na njia yake. Nikamwambia kwamba wema haumfanyi mtu kuwa mali yako. Nikamwambia kama anataka nafasi apewe kwa sababu ya shida zake, aseme wazi kwamba anataka kuhurumiwa. Mafuta yalikuwa yanachemka nyuma yake. Akauliza kwa sauti ndogo, bado kwa Kiingereza:

"You want me to fail. Say it." Unataka nishindwe. Sema.

"Yes," nilisema. "And you? You want me to fail?"

"Yes. Every morning."

Upande wa pili wa ukuta Mama Zawadi alicheka. "Leo wanasoma kwa moyo hawa!" alisema, na mumewe akaitikia, "Mtihani umekaribia." Tulisikia sote wawili. Tungekuwa tumegombana kwa Kiswahili, Mama Zawadi angekuwa ameshafika mlangoni na mikono yenye unga: jamani kuna nini, ninyi si ndugu, Jumapili hii mnamfurahisha nani? Angetukalisha, angetulaumu wote sawa, tungeombana radhi tusizomaanisha, na mambo yangefunikwa. Hakuna aliyekuja. Yale tuliyosema yalibaki wazi katikati ya chumba na hakukuwa na mtu wa kuyafunika. Kabula aligeuza mapanki, akapakua, akaweka sahani sakafuni kati yetu. "Kula," alisema kwa Kiswahili. Tulikula. Ile nyama ya shingoni ilikuwa upande wangu kama kawaida, nami niliila, kwa sababu kuiacha kungekuwa kusema jambo jingine tena.

Baada ya hapo tuliishi kwa salamu. Umeamkaje, dada. Salama, mdogo wangu. Nimekuachia chai. Asante. Nimewaza sana kuhusu majuma yale tangu niwe mtu mzima, na hasa tangu nitoke wodini mwezi uliopita. Kiswahili chetu, kwa adabu zake zote, kilikuwa kinatubeba kama machela. Kilitufikisha asubuhi na kutufikisha jioni. Lakini hakikuwa kimetuuliza chochote. Ilibidi tuingie katika lugha isiyotujua ndipo tuambiane tulichokuwa nacho moyoni, na tukishaambiana hatukujua namna ya kukitafsiri tukirudi.

Mwalimu Tekla alinusa. Tulipokuwa tumeketi kwenye viti vyake vya mbao, mmoja huku na mmoja kule, alituangalia na kuuliza kwa Kiingereza nani amefariki. Akafunga mlango wa uwanjani ili kuku wasiingie. "Jambo la leo," alisema, "ni nani aende." Kisha akaongeza: "Kabula utamsemea Nyangeta. Nyangeta utamsemea Kabula. Kwa nguvu zote. Nikiona mmoja anategea, tutarudia mpaka kesho."

Kabula alisimama kwanza. Alitazama ukutani juu ya kichwa changu akaanza kupanga tofali zake. Alisema mimi husikia haraka na husahau polepole. Alisema nikiwa sijui kitu husema sijui, na katika maabara hilo ni adimu kuliko hadubini. Alisema nitarudi nikiwa bado kijana na nchi itanitumia miaka mingi. Alizungumza bila kukunja uso, kama mtu anayesoma matokeo ya vipimo, na nilikuwa nikisubiri afike mahali atakapolegeza, ili niwe na sababu ya kumchukia vizuri. Hakulegeza. Mwishoni alisema, "Although I need this chance more, need is not evidence." Ingawa nafasi hii naihitaji kuliko yeye, shida si ushahidi. Akaketi.

Nilisimama. Nilianza vibaya, kwa maneno makubwa yasiyo na kitu ndani. Mwalimu Tekla aliinua mkono: anza upya. Basi nikatafuta kitu cha kweli, na nilipotafuta nikakuta kingi. Nilieleza siku meneja alipotaka shehena fulani ipite wakati vipimo vilikataa, na Kabula akavua koti lake, akalikunja, akaliweka mezani, akasema atafutwe mwingine wa kutia sahihi. Ile shehena haikutoka kiwandani. Nilisema watu watadai kwamba mwanamke mwenye watoto wawili asiende mbali, na mimi nadai kinyume chake: aliyeacha watoto nyuma ili asome hatapoteza hata asubuhi moja. Kadiri nilivyosema ndivyo nilivyoona kwamba siyasemi kwa ajili ya zoezi. Kabula alikuwa amegeuzia uso mlango uliofungwa. Nilipomaliza, kuku walikuwa wanaparua nje.

"Nyangeta, umesema 'she have' mara mbili," Mwalimu Tekla alisema hatimaye. "Kabula, ile 'need' ulitamka vizuri, ila punguza kasi. Kesho, wakati ule ule." Akaenda jikoni kuchukua kahawa, na akakaa huko muda mrefu kuliko kahawa inavyohitaji.

Mtihani ulifanyika ghorofani, katika ukumbi wa kukodi kule Nyamagana, na watahini wawili walikuwa wamekuja kwa ndege. Asubuhi tuliandika. Kisha wakaweka kaseti ya kusikiliza, na katikati yake umeme ukakatika. Tulikaa tumeshika kalamu, tukitazama redio iliyokufa, mpaka jenereta lilipowashwa na kaseti kurudishwa mwanzo. Mchana ulikuwa wa kuongea, mmoja mmoja, kwenye chumba cha pembeni. Kabula aliitwa kabla yangu. Niliketi kwenye benchi la ukumbini, na kwa sababu ya joto vioo vya mabapa kwenye madirisha ya chumba kile vilikuwa wazi vyote. Sikutaka kusikiliza, lakini ningeachaje kusikia?

Mtahini alikuwa mwanamke, sauti ya upole. Maswali ya mwanzo yalipita. Halafu akamwomba Kabula asimulie mara moja alipotofautiana na mtu. Kukawa kimya. Kimya kikakua. Nilishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili, na katika kimya kile nilitambua kwa mshangao kwamba nilikuwa namwombea. Kisha sauti yake ikatoka, polepole. Alisema kuna msichana anaishi naye. Kwa lugha yao msichana huyo humwita yeye dada, kwa hiyo hawawezi kugombana, basi waligombana kwa Kiingereza. Mtahini akacheka kidogo. Kabula akaendelea. Alisema: nilimwambia nataka ashindwe, na ilikuwa kweli. Lakini saa hiyo hiyo nilikuwa nampikia, nikamchagulia kipande cha karibu na kichwa, kwa sababu ndicho anachopenda. Yote mawili yalikuwa kweli. Sijui neno la Kiingereza la jambo hili.

Mtahini hakucheka tena. Nilimsikia akisema, "Neither do I." Hata mimi silijui.

Mlango ulipofunguliwa Kabula alinipita bila kunitazama, nami nikaitwa. Niliulizwa juu ya mahali nilipokulia na nikaeleza ziwa na mawe yake, na nadhani nilieleza vizuri. Wakati mwingine watu niliowasimulia habari hii huniambia kwamba nilishindwa kwa sababu ya nilichosikia dirishani. Sivyo. Nilishindwa asubuhi, kwenye kuandika, kabla sijasikia chochote. Ofisa wa uvuvi alitusomea matokeo mvua za vuli zikiwa zimeanza. Kabula alikuwa amefikisha alama zilizotakiwa kila sehemu, bila ziada. Mimi nilizipita kote isipokuwa kwenye kuandika, nilikopungukiwa na nusu alama.

Tulitoka tukasimama upande wa ufukweni, ambapo magugu maji yalikuwa yamejaa mpaka huoni maji. Kabula hakuruka wala hakutabasamu.

"Pole, mdogo wangu," alisema.

"Hongera, dada."

Maneno ya kawaida kabisa, watu huyasema kila siku. Lakini nilipoyasema niliona kwamba yamekaa imara, hayana kitu kilichojificha chini yake, kwa kuwa vyote vilivyokuwa chini vilikwisha kutoka. Nililia, naye akanishika bega mpaka nikamaliza. Ndipo akaniambia kilichobaki. Mama yake alikuwa amekataa. Alikuwa ametuma neno kwamba mwanamke anayepanda ndege na kuacha watoto asitegemee kuwakuta wametunzwa. "Twende wote Magu," Kabula alisema. "Wewe unajua kunisemea."

Tulifika Jumamosi, jua limeshika. Mama yake alikuwa ameketi kwenye kivuli cha nyumba, mbele yake lundo la viazi vitamu, anamenya. Tulipiga magoti tukamwamkia. Aliitikia bila kuacha kisu. Kiswahili alikijua vizuri, lakini siku ile aliamua kuongea Kisukuma tu, na Kabula ndiye aliyelazimika kunitafsiria, neno kwa neno, lawama za mama yake juu yake mwenyewe. "Anasema nina miguu ya mbuzi, haitulii mahali." "Anasema watoto wangu watamwita yeye mama na mimi wataniita mgeni." Alitafsiri yote bila kupunguza.

Nilianza kumsemea kama kwa Mwalimu Tekla, hoja ya kwanza, hoja ya pili. Bibi yule akasema kitu, na Kabula akatafsiri kwamba ananiuliza kama mimi ni wakili. Nikasogea karibu, nikaketi chini kabisa miguu nimeikunja upande, na nikaanza upya kwa njia ya kwetu. Nikamwambia, mama, nimekuja kukuona, na nimekuja na ombi. Nikamweleza maisha ya kiwandani, kiwanda kilivyonyamaza, jinsi binti yake alivyoamka kila siku kabla ya alfajiri akinong'ona maneno ya wageni. Alimenya viazi vitatu wakati nasema. Kisha, kwa Kiswahili, akaniuliza mwenyewe.

"Nasikia nafasi hiyo mliigombania."

"Ndiyo, mama."

"Akakushinda."

"Alinishinda."

"Na umekuja kumsemea. Wewe una nini kichwani?"

Kabula alikuwa ameinamisha uso. Sikuwa nimejiandaa kwa swali lile na sikulipamba jibu.

"Mama, nilitaka sana asiende. Nilitafuta sababu za kumzuia, usiku na mchana. Sikupata hata moja."

Mama yule aliniangalia, kisu kikiwa hewani. Kisha akamgeukia binti yake, akasema maneno machache kwa Kisukuma na kurudi kwenye viazi vyake. Nilisubiri tafsiri. Kabula alikuwa amejiziba mdomo kwa ncha ya kanga.

"Amesemaje, dada?"

"Anauliza," Kabula alisema, na sauti yake haikuwa nzima, "huko ninakokwenda, kama watu wanakula michembe."

Mama yake alikuwa tayari ameingiza mkono nyuma ya mlango na kutoa visu vingine viwili. Viazi vya michembe vinahitaji kukatwa vyembamba na kupigwa jua siku kadhaa ndipo vifae kwa safari ndefu. Alitusukumia lundo, tukasogea kivulini, tukaanza kumenya.